Kusevu kusifute kitu, na snapshoti isinihamishe nilipo: tujadili programu za sauti

#1 Kipaza

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna jambo nataka tulijadili kwa kina. Humu tunabishana kila siku plagini ipi (programu ndogo ya nyongeza) inanyoosha sauti vizuri, lakini hili la kusevu kazi tunalipita kama halipo, mpaka siku sesheni inagoma kufunguka ndipo mtu anaanzisha uzi wa "naombeni msaada haraka".

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini. Programu ya sauti ikisevu, iongeze tu, isifute chochote kilichokuwepo. Na mtu akipiga snapshoti, yaani akihifadhi kazi ilivyo wakati huo kwa jina lake, abaki palepale alipokuwa anafanya kazi. Haya mawili yakizingatiwa, vilio vingi vinaisha.

Kwanza tukubaliane sesheni ni nini. Wengi wanadhani ukibonyeza Ctrl+S ndipo sauti inaingia kwenye diski. Sauti iliingia zamani, wakati mwimbaji anaimba. Unachosevu ni maelekezo: chukua WAV hii (faili la sauti), anzia sekunde ya 12, kata pale, ipitishe kwenye kompresa, ishushe kidogo kwenye kiitikio. Fungua faili la programu ya kurekodi ya REAPER (.RPP) kwa programu yoyote ya maandishi ujionee. Kila traki (njia moja ya sauti) imefungwa ndani ya alama zake, kuna mstari unaoanza na VOLPAN wenye namba za ukubwa wa sauti na upande, na ukishuka chini kwenye SOURCE WAVE unakuta mstari wa FILE unaotaja sauti yenyewe ilipo. Faili la Ardour, programu nyingine ya kurekodi, ni XML (maandishi yenye alama). Lile la Ableton Live, .als, nalo ni XML iliyobanwa kwa gzip. Ukiifungua unaisoma vizuri tu.

Sasa angalia uzito. Traki moja ya mono, biti 24 kwa 48 kHz, inakula baiti 144,000 kila sekunde, sawa na MB 8.64 kwa dakika. Traki 24 zikirekodi kwa pamoja, dakika moja ni kama MB 207. Chukua faili la maelekezo la MB 2, ambalo kwa miradi mingi ni kubwa tayari, weka nakala zake mia moja: MB 200. Yaani matoleo mia moja ya kazi yako yote hayafikii dakika moja ya kurekodi. Ndiyo maana sielewi programu inayokuwa bahili wa matoleo halafu inajaza diski kwa sauti bila kuuliza.

Kusevu kwenyewe kuna namna mbili. Namna mbaya ni kufungua faili lilelile na kuandika juu yake. Umeme ukikatika katikati, la zamani limeshafutwa na jipya halijakamilika, unabaki na nusu isiyofunguka. Namna nzuri ni kuandika faili jipya pembeni, kuhakikisha limefika kwenye diski kweli na si kwenye kumbukumbu ya muda, halafu kulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani. Kwenye mifumo inayofuata POSIX (kanuni za mifumo kama Linux na macOS), kubadilisha jina kwa namna hiyo ni tendo moja lisilogawanyika: mtu akifungua atakuta la zamani zima au jipya zima, hakuna hali ya katikati. La zamani nalo lisitupwe, lipewe kiambishi cha .bak likae pembeni. Haya si mambo mapya, ila bado zipo programu zinazoandika juu kwa juu kana kwamba umeme haukatiki.

Halafu snapshoti. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo palipo na kero yenyewe.

Umemaliza kurekodi vokali. Sasa unataka kukata pumzi na kusogeza maneno yaliyochelewa. Kwa tahadhari unachagua kusevu kwa jina jipya, unaandika "kabla_ya_kukata". Programu nyingi hapo zinafunga faili la kwanza kimyakimya na kukuweka ndani ya hilo jipya. Wewe unaendelea: unakata, unasogeza, unabonyeza Ctrl+S kwa mazoea. Tazama kilichotokea. Faili linaloitwa "kabla_ya_kukata" ndilo lenye makato yote, na lile la mwanzo ambalo hukulipa jina lolote la maana ndilo safi. Mteja akirudi baadaye akitaka pumzi zake, unafungua "kabla_ya_kukata" kwa kujiamini, unakuta kumekatwa. Jina limesema uongo, na aliyelifanya liseme uongo ni programu. Mtumiaji hakukosea popote.

Sababu ni kwamba jina la snapshoti linahusu kilichopita. Ni alama ya "mpaka hapa palikuwa hivi". Kusevu kwa jina jipya kunahusu kinachokuja: "kuanzia hapa nakwenda njia nyingine". Ni mahitaji mawili tofauti yaliyorundikwa kwenye kitufe kimoja.

Waliolielewa wapo. Ardour kwenye menyu yake ina snapshoti za aina mbili, ya kuendelea na toleo ulilonalo na ya kuhamia toleo jipya, na imeandikwa wazi ipi ni ipi. Pro Tools ina amri ya kusevu nakala mahali pengine ambayo inakuacha kwenye sesheni yako ya awali, na ina ile ya kusevu kwa jina jipya inayokuhamisha. Logic Pro ina matoleo mbadala ndani ya mradi mmoja, yote yanatumia sauti zilezile. Cubase ina amri ya kusevu toleo jipya inayoongeza namba mwishoni mwa jina, ila inakuhamishia kwenye hilo jipya. Kwa namba hilo halina madhara, kwa sababu namba haidai chochote kuhusu yaliyomo. Madhara yanaanza pale jina linapodai.

La mwisho kwa leo ni usafi wa folda. Programu ikikupa amri ya kufuta sauti zisizotumika, "zisizotumika" iwe na maana ya zisizotumika na snapshoti YOYOTE. Nikitazama toleo la leo, teki (rekodi) ya tatu ya gitaa haipo popote. Lakini snapshoti ya juzi inaitegemea. Ukiifuta, snapshoti inabaki na jina lake zuri na shimo katikati ya wimbo. Ardour inapitia snapshoti zote za sesheni kabla ya kuamua, na hata ikiamua haifuti moja kwa moja. Inahamishia kwenye folda ya vilivyokufa, kumwaga ni hatua nyingine unayoichagua mwenyewe. Huo ndio ustaarabu.

Karibuni.

---

#2 chenga_za_traki

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

---

#3 MamaMiksi

Kipaza umeongea vizuri, ila umeangalia upande wa studio tu. Kwetu sisi wa miksa za jukwaani, snapshoti ni kitu kingine kabisa na nadhani mabishano mengi yanatokana na hapo.

Kwetu snapshoti haihusu faili. Ni hali ya meza: feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) ziko wapi, nani kazimwa, EQ imekaaje, nani anapelekwa kwenye monita gani. Wimbo ukiisha nabonyeza, meza inaruka kwenda hali ya wimbo unaofuata. Nikikubaliana na wewe kwamba snapshoti isinihamishe nilipo, ya kwetu itakuwa haina kazi, maana kazi yake NI kunihamisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa programu za studio wangejifunza kwetu: mipaka. Meza za kidijitali tangu zamani zina kinga ya kuita kumbukumbu. Naweza kusema chaneli ya mhubiri au ya mshereheshaji isiguswe na snapshoti yoyote, hata nikiita hali ya wimbo wa kwanza. Naweza kusema feda ziruke lakini gein ya maiki (kiwango cha sauti inapoingia) ibaki. Meza ya Behringer X32 ina sini (scene) zinazobeba meza nzima na ina vipande vidogo vinavyobeba kile tu ulichochagua. Bila hiyo mipaka, mtu anaita snapshoti ya mazoezi ya mchana, na gein alizorekebisha jioni ukumbi ulipojaa zinarudi za mchana. Maiki inapiga mluzi mbele ya watu wote. Nimeshuhudia hilo kwa mtu mwingine, na usingependa uwe umekaa karibu na spika.

Kwa hiyo swali langu: nikiita snapshoti ndani ya programu ya kurekodi, kinarudi nini? Makato? Feda? Plagini? Tempo? Vyote? Kama ni vyote, basi nikitaka miksi ya jana kwa makato ya leo nafanyaje?

---

#4 Kipaza

MamaMiksi, heshima yako. Umegusa mahali ambapo mimi nilipita juu juu.

Nakubali kuna vitu viwili, na afadhali programu ziviite majina mawili. Kimoja ni toleo la mradi: kila kitu kama kilivyokuwa, kinakaa kwenye folda, kinafunguliwa kama sesheni. Cha pili ni hali ya miksi: feda, pan (sauti iko upande gani), plagini na mipangilio yake, kinaitwa ndani ya sesheni hiyohiyo bila kugusa makato. Cubase walishaweka snapshoti za miksa kama kitu kinachojitegemea. Kwa REAPER kuna nyongeza ya SWS ambayo ina snapshoti zenye visanduku: unachagua irudishe sauti, pan, vilivyozimwa, plagini na kadhalika. Hicho ndicho ulichokuwa unauliza, miksi ya jana juu ya makato ya leo.

Shida moja ambayo sijaona ikitatuliwa vizuri: traki mpya. Hali ya miksi ya jana haijui traki niliyoongeza leo. Nikiiita, ile traki ifanyweje? Izimwe? Iachwe ilivyo? Mimi nasema iachwe ilivyo na programu iniambie, "traki hizi mbili hazimo kwenye hali hii, sijazigusa". Kukisia kimyakimya ndiko kunakoleta balaa.

Na otomesheni pia, yaani mabadiliko yanayojiendesha wimbo unapocheza. Feda ikiwa inaendeshwa na mstari wa otomesheni, kurudisha feda hakuna maana. Ukibonyeza cheza tu, mstari unaivuta. Anayetengeneza hali za miksi bila kubeba otomesheni anatoa ahadi ambayo kitufe cha kucheza kitaivunja.

---

#5 Mzee wa Waya

Vijana nawasoma.

Miaka ya 1980 meza za kuchanganyia sauti za kampuni ya SSL zilikuwa na mfumo wa Total Recall. Msidhani vitufe vilijizungusha. Kompyuta ilikuonyesha kwenye skrini kila kitufe kilikuwa wapi, halafu wewe na msaidizi mnazungusha kwa mkono, kimoja kimoja, mpaka vilingane. Kurudia miksi ilikuwa shughuli kubwa, kwa hiyo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kusema "hebu turudi ya juzi". Aliamua, akaisimamia.

Leo mnataka matoleo mia moja. Nimepokea folda za watu nikatafute sesheni ya kumiksi: wimbo_mwisho, wimbo_mwisho2, wimbo_mwisho_kweli, wimbo_mwisho_TUMIA_HII, na nakala za kiotomatiki zimejazana kama siafu. Lipi ndilo? Mwenyewe ukimpigia naye hajui. Programu ya kuhifadhi kila kitu inamfuga mtu asiyeamua. Mimi nasema zipungue.

---

#6 Kipaza

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye folda nakuunga mkono, kwenye tiba tunaachana.

Hizo "mwisho_kweli" zimezaliwa na kukosekana kwa snapshoti. Mtu haiamini Ctrl+S, basi anajitengenezea matoleo kwa mkono kwa jina la faili. Mpe orodha ndani ya programu yenye tarehe, saa na nafasi ya kuandika neno moja ("mteja kaipenda hii"), uone kama ataandika TUMIA_HII kwa herufi kubwa.

Kuhusu wingi, kuna aina mbili zisizochanganywa. Za kiotomatiki zijipunguze zenyewe. Time Machine ya Apple imefanya hivyo miaka yote: ya kila saa kwa saa 24 zilizopita, ya kila siku kwa mwezi uliopita, ya kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi. Pro Tools huweka zake kwenye folda ya pekee ya nakala za akiba, na ukiiacha kama ilivyokuja inahifadhi kila dakika 5 na kubakiza 10 za mwisho. Hesabu mwenyewe: ni dakika 50. Ukigundua saa mbili baadaye kwamba uliharibu kitu, kumi zote zimeshabeba uharibifu. Namba ile ni ndogo mno, ningeipandisha siku ya kwanza ya kusakinisha.

Zile zilizopewa jina na mtu, programu isiziguse kabisa. Mtu akitaja jina ameamua, Mzee, na hilo ndilo ulilokuwa unalitaka.

---

#7 msimbo_wa_usiku

Naandika programu (si za sauti tu), nimewahi kuchangia mradi huria wa sauti, basi niongeze ya upande wa jikoni.

Kusevu kwa kiotomatiki kuandike pembeni, kamwe kusiandike kwenye faili kuu. Mtu anaweza kuwa anajaribu kitu cha ovyo kwa makusudi, anajua atafunga bila kusevu. Ukimsevia juu ya faili lake kwa "kumsaidia" umemwibia haki ya kubadili mawazo. Weka faili la pembeni, programu ikifa, ikiamka iulize: "Kuna kazi ambayo haikuseviwa, unaitaka?" Ardour inafanya hivyo kwa faili la .pending, na kama ilikufa katikati ya kurekodi inajitolea kuokoa sauti iliyokwisha kunaswa.

Hapo kwenye kunaswa kuna jambo wengi hawalijui. Faili la WAV lina kichwa kinachosema urefu wa data. Programu nyingine huandika urefu huo mwishoni tu, ukibonyeza stop. Umeme ukikatika kabla, sauti yote iko ndani ya faili lakini kichwa kinasema urefu ni sifuri, na vichezaji vingi vinakwambia faili ni tupu. Usilifute! Programu inayoweza kuingiza data ghafi itaisoma, ukiitajia biti, kasi ya sampuli na idadi ya chaneli. Programu iliyoandikwa vizuri inasasisha kichwa mara kwa mara wakati wa kurekodi.

Plagini ndizo zinazosumbua kuliko yote. Programu kuu haijui ndani ya plagini kuna nini. Inaiomba "nipe hali yako", inapewa furushi la baiti, inalihifadhi kama lilivyo. Kwenye .RPP utaliona: mistari mirefu ya herufi zisizosomeka, ni base64 hiyo (namna ya kuandika baiti kwa herufi). Kuna mambo mawili. Moja, plagini ikiwa haipo kwenye mashine unayofungulia, programu ilibebe lile furushi bila kulifungua na kulirudisha lilivyo ikisevu. Kuna zinazolitupa: unafungua sesheni kwenye kompyuta ya rafiki ili usikilize tu, unasevu, ukirudi nyumbani mipangilio yako yote ya plagini hiyo imefutika. Pili, plagini za sampuli huhifadhi ndani ya furushi njia kamili ya faili la sampuli, ile inayoanzia kwenye diski fulani na jina la mtumiaji fulani. Programu kuu haiwezi kuirekebisha kwa sababu haiioni. Watu wa LV2 (mfumo mmojawapo wa plagini) walilifikiria: kwenye nyongeza yake ya kuhifadhi hali, plagini inaiomba programu itafsiri njia ya faili wakati wa kusevu na wakati wa kufungua, hivyo folda ikihama sampuli zinahama nayo.

La tatu nilitaka kusahau: kusevu kusikatize sauti. Sehemu ya programu inayochakata sauti (thread) isisubiri diski hata kidogo. Nikisikia mkwaruzo kila programu inapojisevu, najua mtumiaji ataizima hiyo huduma ndani ya siku moja, na atakuwa na haki.

---

#8 chenga_za_traki

Nimeelewa kiasi. Swali la mtu mdogo: je, si rahisi kila kitu kiwe ndani ya faili moja tu? Folda zinanichanganya, unatuma faili la mradi mwenzako anakwambia sauti hazipo.

---

#9 Kipaza

Swali zuri wala si dogo. Programu ya Audacity ni mfano hai. Kabla ya toleo la 3.0, lililotoka Machi 2021, mradi ulikuwa faili la .aup pamoja na folda ya _data iliyojaa vipande vidogo vidogo vya sauti. Watu walikuwa wanahamisha .aup peke yake, wanafuta folda wakidhani ni takataka, na kazi inaishia hapo. Toleo la 3.0 likaleta .aup3, faili moja ambalo ndani yake ni hifadhidata ya SQLite. Kosa lile likapungua sana.

Lakini bei yake ipo. Kwanza, faili moja likiharibika umeharibikiwa na vyote, ilhali kwenye folda, faili la maelekezo likifa sauti zako bado ziko pale kama WAV za kawaida. Pili, Audacity kwa kawaida inahifadhi kwa biti 32. Traki ya stirio kwa 44.1 kHz ni baiti 352,800 kwa sekunde, na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa diski) haipokei faili linalofika GB 4. Piga hesabu: saa tatu na dakika ishirini na kitu za traki moja tu ya stirio, mradi hauingii kwenye flashi. Mahojiano marefu yenye traki tatu hayafiki hata saa moja na robo.

Tatu, mradi ukiwa wazi, pembeni yake kuna faili lenye mwisho wa -wal, na mabadiliko ya karibuni yanaweza kuwa humo bado. Ukinakili .aup3 peke yake wakati programu imefunguliwa, umenakili kazi pungufu. Funga kwanza.

Mimi nabaki kwenye folda, ila folda ambayo programu inailinda: njia zote ndani ya faili la mradi zianzie kwenye folda yenyewe na si kwenye diski, na ukiburuta WAV kutoka mahali pengine, programu iinakili ndani au iseme wazi kwamba iko nje.

---

#10 MamaMiksi

Na hizi huduma za kusawazisha kwenye wingu? Tuna kijana anaweka folda ya sesheni humo na kuifanyia kazi humohumo.

---

#11 msimbo_wa_usiku

Aache mara moja, dada. Huduma ya wingu inaona mafaili, haioni sesheni. Inaweza kupandisha faili la mradi jipya kabla ya WAV zake kumaliza kupanda, mwenzake upande wa pili akafungua akakuta nusu. Wote wawili wakisevu, inatengeneza "nakala ya mgongano" na kumwachia binadamu achague, na makato ya sauti hayaunganishwi kwa kukisia. Afanyie kazi diski ya ndani, afunge programu, ndipo anakili folda kwenda kwenye wingu.

Anayetaka historia ya kweli na anatumia Linux aitazame RaySession. Inasimamia programu kadhaa za sauti kama sesheni moja na snapshoti zake zinatumia git (programu ya kutunza historia ya mafaili). Inafuata NSM, itifaki ya kusimamia sesheni, ambayo ina sharti ninalolipenda: programu ikiwa chini ya msimamizi wa sesheni, haina ruhusa ya kumfungulia mtumiaji faili jingine katikati ya kazi au kumhamishia mradi mahali pengine. Msimamizi ndiye anayesema kazi iko wapi. Ni kama hoja ya Kipaza kwenye #1, ila imeandikwa kama sheria.

Git kwa WAV kubwa inalemea haraka, hiyo ijulikane. Kwa maelekezo ya maandishi inafaa mno: unaona mstari gani umebadilika, hata kwamba feda ya besi imeshuka na hakuna kingine kilichoguswa.

---

#12 Mzee wa Waya

Sawa, nimesogea kidogo. Ila hakuna aliyejibu hili: nikifungua snapshoti ya zamani nikaanza kuichezea, nikabonyeza Ctrl+S kwa mazoea, si nimeiharibu? Hapo jina lenu la "kilichopita" liko wapi?

---

#13 Kipaza

Mzee umenibana, na kwenye programu nyingi jibu ni ndiyo, umeiharibu. Hata Ardour, ukiifungua snapshoti inakuwa faili la kawaida la kufanyia kazi, na kusevu kunaandika humo.

Inavyotakiwa iwe: snapshoti iliyopewa jina inafunguka kwa kusoma tu. Unaisikiliza, unaichezea, unafanya utakalo. Ukibonyeza Ctrl+S mara ya kwanza, programu inaanzisha tawi jipya lenye kumbukumbu ya lilikotoka, bila kukuuliza maswali matano, na ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Kiufundi ni kazi ndogo. Faili la maelekezo ni jepesi, sauti hazinakiliwi.

Kwa sasa, mbinu ya mkono: baada ya kupiga snapshoti, nenda kwenye folda ulifunge faili lake lisiandikike, kwa mipangilio ya mfumo wa kompyuta. Programu ikijaribu kusevu itakataliwa na utashtuka kwa wakati.

---

#14 chenga_za_traki

Natumia REAPER. Niguse wapi leo hii kabla sijasahau?

---

#15 Kipaza

Kwenye mapendeleo, sehemu ya Project: washa ile ya kubadilisha faili la zamani kuwa .rpp-bak kila unaposevu, na ile ya kubakiza matoleo mengi ndani yake. Washa pia ya kusevu kila baada ya dakika kadhaa kwenye faili lenye tarehe na saa, ambalo ni la pembeni na si kuu. Kisha mradi mpya ukiusevu mara ya kwanza, kwenye dirisha la kusevu kuna visanduku vya chini, kimoja cha kuunda folda ya mradi na kingine cha kunakili media zote ndani yake. Weka tiki vyote viwili kabla ya kurekodi chochote, maana ukirekodi kabla ya kusevu, WAV zinakwenda kwenye folda ya jumla pamoja na za miradi mingine yote.